Nyanya Nilizomnyang'anya Sista

Naomba mnicheke mapema tumalizane, kwa sababu mimi mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha, mke wangu amenicheka mpaka amechoka, na kule Pasiansi, mtaani kwetu, wapo watu ambao mpaka leo wakiniona nimebeba kapu la mboga wanaulizana kwa sauti ya kunisikilizisha, "Limepimwa hilo?" Kwa hiyo aibu hii siyo siri tena, na ni afadhali niisimulie kwa mdomo wangu kuliko muisikie kwa jirani yangu Mama Kulwa, ambaye huongeza chumvi (ingawa sijui anaipata wapi nafasi ya kuiongeza, maana kisa chenyewe kimejaa pomoni).

Ilikuwa miaka ya tisini, enzi za ruksa, wakati kila kitu kiliruhusiwa kuuzwa na kila mtu aliruhusiwa kupunguzwa kazini. Mimi nilikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda kimoja cha nguo pale Mwanza, na siku niliyopewa barua ya kupunguzwa niliikunja vizuri nikaiweka mfukoni kana kwamba ni cheti cha kufaulu. Wenzangu waliotoka siku ile wengine waliingia kwenye biashara ya sangara, wengine kwenye mitumba, lakini mimi (Mhaya wa kidato cha nne, mwenye mwandiko wa kulalia) nikaona samaki wananuka na mitumba ina vumbi, nikasema nitalima mboga nyuma ya nyumba, kwenye kile kipande cha ardhi kilichobanwa na majabali mawili, hatua chache kutoka ziwani. Mke wangu Adventina alikuwa na cherehani yake barazani, binti yetu Anitha alikuwa ndio kwanza ameanza darasa la kwanza, na mimi nikawa na nyanya, kabichi, mchicha, na muda mwingi wa kuongea na wapita njia.

Sasa kwenye ukumbi wa parokia ikaja semina ya kuua wadudu wa mboga bila sumu za dukani. Mwendesha semina alikuwa Sista Perpetua, mama wa makamo kutoka kwetu Bukoba, mnene, mwenye viganja vya mtu aliyeshika jembe tangu utoto, na akicheka hata kile kilemba chake cha utawa kilikuwa kinacheza. Alitufundisha kutwanga majani ya mwarobaini, kuyaloweka usiku kucha, kuchuja, kuchanganya na pilipili kichaa, kitunguu saumu na mkojo wa ng'ombe uliokaa siku kadhaa, kisha kukwangulia sabuni ya kipande ili dawa igande kwenye jani. Akasisitiza: nyunyizia jioni jua likishapoa, rudia kila wiki, na mvua ikinyesha, anza upya. Mimi niliandika yote kwenye kaunta buku, kwa wino wa rangi mbili. Sista akapita nyuma yangu, akasimama, akasema mbele ya watu wote, "Mnamwona Projesti anavyoandika? Huyu ameelewa."

Hilo neno ndilo lililoniharibu. Nilitoka pale ukumbini nikiwa tayari ni mtaalamu.

Mama Kulwa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Msukuma aliyeolewa akitokea Magu, naye alikuwepo kwenye semina ile, ila yeye alikaa nyuma kabisa, hakuandika hata mstari mmoja, nikamhurumia. Tulipofika nyumbani nikajitolea kumfundisha upya, yeye na akina mama wengine wa mtaani, na haikupita wiki mbili wakaanza kuniita Mwalimu Mwarobaini. Nilikuwa nawakusanya pale bustanini saa nne asubuhi, nachovya ufagio wa chelewa kwenye pipa la dawa, nanyunyiza huku na huku kama padri anayebariki waumini, na ninasema, "Mama zangu, sumu ya dukani ni uvivu wa akili." (Mtaona wenyewe mbele ya safari.)

Mtaniuliza mbona saa nne asubuhi wakati Sista alisema jioni. Jibu ni kwamba jioni watu hawapiti. Na sabuni je? Sabuni niliiacha, kwa sababu ilikuwa inaleta mapovu na dawa yangu ikawa haionekani nzuri mbele ya wanafunzi. Na mvua iliponyesha mfululizo mwezi ule, sikurudia kunyunyizia, maana nilikuwa nimealikwa mitaa ya jirani kwenda kuwafundisha watu umuhimu wa kurudia kunyunyizia.

Basi, Jumanne moja Sista akaniletea ujumbe kwamba Jumamosi atakuja na akina mama thelathini, wengine kutoka Magu na wengine kutoka Nansio, waje kuona bustani ya mfano, na bustani hiyo ni ya kwangu. Nikatoka mbio kwenda kuitazama kwa jicho la mgeni, na hapo ndipo nilipoiona kama ilivyo. Kabichi zilikuwa zimetobolewa na viwavi mpaka unaweza kuona ziwa kupitia kwenye jani. Kila nyanya niliyoigeuza, funza ametangulia. Nikachungulia ng'ambo ya ukuta kwa Mama Kulwa, nikaona kabichi zimefunga kama ngumi na nyanya zinang'aa, nikasema moyoni huyu mama atakuwa na bahati ya udongo.

Sikilizeni, hapo hapo palikuwa na njia ya kutokea. Ningemwambia Sista, "Dawa imenishinda, nendeni kwa jirani," na hatua ishirini tu zingetosha kumaliza jambo lote. Lakini Mwalimu Mwarobaini atasemaje kwamba mwarobaini umemshinda? Kesho yake asubuhi nikaenda sokoni kutafuta sumu.

Zamani dawa ya pamba ilikuwa inatoka kwa ushirika na ilikuwa na utaratibu wake, lakini siku hizo za soko huria ilikuwa inauzwa chini, kwenye turubai, katikati ya betri na kandambili. Jamaa mmoja akanipimia kwenye chupa ya soda, akaiziba kwa gazeti, na kwa kweli alikuwa mwaminifu kuliko mimi, kwa sababu alinishika mkono akasema, "Mzee, hii ni ya pamba. Ukiiweka kwenye mboga, wiki mbili usile wala usimpe mtu. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Ni za kutazama tu," nikasema.

Alhamisi asubuhi, Adventina alipokwenda ziwani kuchota maji na Anitha kwenda shule, nikanyunyizia bustani nzima. Ijumaa hapakuwa na mdudu hai hata mmoja. Viwavi walikuwa wamelala chini wamejikunja, na mimi nikawa napita katikati ya matuta nimeshika kiuno, najipongeza. Mke wangu akataka kuchuma mchicha wa chakula cha mchana, nikamkatalia, nikamwambia bustani isiguswe hata jani, Anitha asikanyage kule, tunaitunza kwa ajili ya wageni. Akanitazama kidogo, akachukua khanga yake akaenda kununua mchicha sokoni.

Mchana huo huo Mama Kulwa akagonga mlango, kila mkono umening'iniza kuku aliyekufa. Alikuwa anawapenda wale kuku, walikuwa ndio kwanza wanataga.

"Baba Anitha, hebu niangalizie. Asubuhi walikuwa wazima kabisa, wanadonoa pale kwako bustanini. Sasa tazama. Nataka niwanyonyoe kabla hawajaharibika, ila nimeona nikuulize wewe msomi."

Wamekula viwavi. Na huyu mama anataka kuwapika kuku waliokula viwavi waliokula sumu.

"Usile!" nikasema, kwa sauti iliyozidi kiasi. "Hicho ni kideri. Wafukie, tena chini sana."

Kisha (na hapa ndipo naona haya kuliko kote) nikamtolea somo la kideri. Nilimweleza dalili zake. Nilimlaumu kwa kutochanja. Nikamsaidia kuchimba shimo, na yeye akanishukuru, akaniletea viazi vitamu jioni.

Jumamosi saa tano lori la parokia likapaki mbele ya nyumba, akina mama wakashuka wanaimba, mtaa mzima ukajaa. Nilikuwa nimevaa suruali yangu ya kazini yenye mkunjo na shati jeupe. Nikaamkia wakubwa, shikamoo huku, shikamoo kule, marahaba zikanyesha, nikawaongoza bustanini wakashangaa mpaka nikajisahau. Nikaonyesha pipa langu la dawa ya kienyeji, ambalo lilikuwa limekaa bila kazi wiki nzima na harufu yake ilikuwa inawasogeza watu nyuma. Nikasema, "Ndugu zangu, mnachokiona hapa ni kazi ya mwarobaini. Basi."

Sista akacheka kwa furaha. "Projesti! Nilisema mimi! Sasa akina mama, mnajua faida kubwa ya mboga kama hizi ni nini? Si lazima hata uzioshe."

Akanyoosha mkono, akachuma nyanya moja kubwa nyekundu, akaifuta kwenye mkono wa gauni lake la kitawa, akaielekeza kinywani.

Ndugu zangu, sikuwaza. Nilishtukia nimeshamrukia. Nikaikamata ile nyanya pamoja na mkono wake uliokuwa umeishika, na tukabaki tunavutana, mtawa wa Mungu na mimi, mbele ya akina mama thelathini.

"Sista, ngoja... ngoja tuioshe kwanza!"

"Kuosha nini, na wewe ndiye uliyetwambia ni mwarobaini mtupu?"

"Ina... ina vumbi."

"Vumbi tu? Projesti, mimi nimelelewa shambani, niachie."

"Haijaiva, Sista!"

Watu wakaanza kucheka. Mama mmoja wa Magu akasema, "Huyu baba anatunyima nyanya!" na mwingine akadakia, "Wahaya bwana, wanataka zitazamwe tu!" na kwa kunichokoza wakaanza kuchuma, huyu moja, yule mbili, wanarushiana, wanafuta kwenye khanga. Nikamwachia Sista nikakimbilia wale wa kushoto, nikanyang'anya mbili, nikageukia wa kulia, nikanyang'anya tatu, mikono ikajaa, nikaanza kuzitia ndani ya shati. Mke wangu akawa ananiita kutoka mlangoni, "Baba Anitha! Baba Anitha, umepatwa na nini?" Nikarudi kinyumenyume kumzuia Sista ambaye alikuwa amechuma nyingine, kisigino kikagonga pipa, pipa likayumba, likanimwagikia kuanzia kifuani mpaka miguuni. Mwarobaini, kitunguu saumu, pilipili kichaa, mkojo wa ng'ombe. Pilipili ikaniingia machoni, nikawa sioni, nimekumbatia nyanya, nalia machozi ya kweli.

Kicheko kilikuwa kikubwa kiasi kwamba watu wa barabarani waliingia kuuliza kuna harusi gani. Na kwa kweli kama mambo yangeishia hapo ningekuwa nimepona. Ningeonekana mchoyo na mpumbavu, lakini mwarobaini wangu ungebaki na heshima yake. Nilikuwa hata nimeanza kucheka pamoja nao. Ndipo nilipofumbua jicho moja na kumwona Bibi Modesta, bibi mmoja mzee wa Nansio aliyekuwa amekaa kwenye jiwe pembeni kwa sababu ya miguu, hana habari na vurugu zetu, ameshika nyanya aliyopewa na mwenzake, na anaing'ata taratibu kwa yale meno machache aliyobakiwa nayo.

"Bibi, tema!" nikapiga kelele. "Tema! Zina sumu!"

Kicheko kikakatika. Bibi Modesta akatema kiganjani, akakitazama kile kipande, akanitazama mimi. Nikasikia nyanya zinaanguka chini moja moja kutoka mikononi mwa akina mama.

"Sumu gani?" akauliza Sista, polepole.

"Ya pamba, Sista."

"Nani kaiweka?"

"Mimi. Juzi."

Mama Kulwa alikuwa amesimama karibu na ukuta. Sijamsahau uso wake. "Juzi," akasema. "Kwa hiyo kuku wangu... Baba Anitha, ulinichimbia shimo. Ukanifundisha kideri." Hakupaza sauti. Ningefurahi kama angepaza.

Sista hakupoteza muda kunigombeza. Aliamuru maji, Bibi Modesta akasukutua mara nyingi, wote waliogusa bustani wakapelekwa kwa Adventina kunawa na sabuni, kisha Sista, Bibi na mimi tukapanda lori kwenda zahanati, nyanya yenyewe iliyong'atwa ikiwa kwenye karatasi. Mimi niliwekwa nyuma peke yangu kwa sababu ya harufu. Tulipofika, mganga akatutazama watatu, bibi mmoja mtulivu, sista mmoja mwenye hasira, na mwanamume mmoja aliyelowa, macho mekundu, anatetemeka na kunuka, akanishika bega mimi akasema, "Mleteni mgonjwa huku."

"Mgonjwa siyo huyo," akasema Sista. "Huyo ndiye ugonjwa."

Walimweka Bibi kitandani wakamwangalia mpaka alasiri. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, na pale ndipo kicheko chote kilipoisha ndani yangu. Nilimfikiria Anitha. Anapita pembeni ya nyanya zile kila siku akitoka shule, na nilichomwekea ili asife ni neno moja tu, "usikanyage kule", kwa mtoto wa darasa la kwanza. Nilikaa na wazo hilo mpaka mganga alipotoka akasema bibi ni mzima, hakumeza kitu. Nikaingia nikapiga magoti. Bibi Modesta akasema, "Inuka, mwanangu, unalowesha sakafu ya watu. Ila nikuulize, ungeniacha nile?"

"Hapana, Bibi."

"Basi wewe siyo mtu mbaya. Ni mtu wa kujionyesha tu. Nenda ukaoge."

Tuliporudi, akina mama walikuwa bado wananisubiri, wamekaa kivulini wananitazama kama mahakama. Sista akaniuliza maswali pale pale. Dawa ulinyunyizia saa ngapi? Saa nne asubuhi, Sista. Sabuni uliweka? Sikuweka. Mvua iliponyesha ulirudia? Sikurudia, Sista. Akageukia ukutani. "Na wewe, Mama Kulwa?"

"Jioni, Sista. Na sabuni. Na baada ya mvua. Kama ulivyotwambia."

Semina ikahamia kwa Mama Kulwa. Walikaa kule mpaka jua likakaribia kuzama, mimi nikiwasikia kutoka upande wangu, na mama yule ambaye hakuandika hata mstari mmoja aliwaeleza kila kitu kwa mpangilio, bila kuangalia popote. Nilitamani kwenda kuchukua kaunta buku langu niandike upya.

Adventina alisema kesho yake, akiwa mezani na cherehani, bila kuinua kichwa: "Ulinituma nikanunue mchicha wakati bustani iko mlangoni, nikadhani unawaheshimu wageni. Kumbe ulijua." Cherehani ikalia kidogo, ikanyamaza. "Siku nyingine ukishindwa, njoo unitangazie mimi. Mimi sitakucheka sana."

Niling'oa bustani yote. Sista alisema vitu vile visitupwe ziwani wala visiwe mbolea, kwa hiyo nilichimba shimo refu mbali na maji, mtaa ukisimama kutazama, na kila kabichi niliyoitupa mle ilishangiliwa. Mama Kulwa nilimlipa kuku wawili, akawapokea, akawafungia ndani mwezi mzima. Nyumbani kwetu hakuna mgeni aliyekunywa hata chai. Watu walikuwa wanakuja, wanakaribishwa, wanasema wameshiba, hata wakiwa wametoka mbali.

Na Sista naye akanipa adhabu yangu: mwezi uliofuata nikapanda naye lori mpaka Magu, nikasimama mbele ya akina mama wengine nikasimulia kila kitu kama ninavyowasimulia ninyi. Walicheka mpaka wengine wakalala chini. Lakini tulipokuwa tunaondoka, mama mmoja wa makamo alinifuata kwenye lori, akasimama karibu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wiki mbili, ulisema? Mimi naweka ile ya pamba kwenye mchicha, naupeleka gulioni kesho yake." Nikamwita Sista. Wakasogea pembeni wakaongea muda mrefu, na yule mama aliondoka anafuta uso kwa khanga.

Nilipanda tena baada ya miezi kadhaa. Safari hii nilinyunyizia jioni, peke yangu, na sabuni yake yenye mapovu, hakuna anayepita wala anayeniita mwalimu. Wadudu hawakwisha wote (Sista hakuwahi kusema wataisha wote, ni mimi niliyekuwa nawaambia watu hivyo), lakini mchicha ulistawi, nikachuma fungu la kwanza kubwa nikampelekea Mama Kulwa. Akalipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akaligeuza kila upande.

"Asante, Baba Anitha. Nitaupika kesho. Leo anzeni kupika nyie."

Tukapika, tukala. Asubuhi na mapema akapiga hodi, akasema amekuja kutusalimia tu. Akatutazama mmoja mmoja, mimi, Adventina, na Anitha aliyekuwa anafunga viatu, akaridhika, akarudi kwake, na baada ya muda nikaona moshi wa jiko lake unapanda.

Nimeapa, na shahidi ni mke wangu: sitamfundisha mtu yeyote jambo ambalo mimi mwenyewe sijalifanya mpaka mwisho, na mdudu akinishinda, nitakwenda ukutani mchana kweupe, nitamwita jirani kwa sauti, nitasema amenishinda.